Magonjwa Manne, Madaktari Wanne, Karatasi Moja

Kwa miaka kumi na minne kazi yangu ilikuwa kuwakataa watu wa aina niliyo mimi leo. Nilikuwa muuguzi wa utafiti. Mgonjwa aliletwa chumbani kwangu nami nikafungua fomu yenye sehemu mbili: vigezo vya kumwingiza na vigezo vya kumwacha. Ana kisukari? Vema, ndicho tunachokitafuta. Figo zake zimechoka? Aachwe. Anatumia steroidi? Aachwe. Ana ugonjwa mwingine wowote ambao "kwa maoni ya mtafiti" unaweza kuvuruga matokeo? Aachwe pia, na kigezo hicho cha mwisho kilikuwa kipana kiasi kwamba ukitaka ungeweza kumtoa hata mwenye mafua.

Mzee mmoja, nilipomweleza kwamba hakupita, aliniuliza kwa upole: "Kwa hiyo sista, naumwa kidogo mno au naumwa kupita kiasi?" Nikamjibu, "Umezidisha, mzee wangu." Tukacheka sote wawili. Sikucheka tena nilipofika miaka hamsini na moja nikiwa na kisukari, presha, baridi yabisi, na figo ambazo uchujaji wake ni 52, wakati kijana mwenye afya hutarajiwa kuwa na 90 au zaidi.

Haya ninayoandika ni kwa mtu mwenye maradhi ya kudumu zaidi ya moja, au anayemuuguza mtu wa namna hiyo. Nitaeleza jinsi ya kushika uzi wa matibabu yako mwenyewe, kisha jinsi ya kufikiri siku utakapoitwa kushiriki utafiti. Nayaweka pamoja kwa kuwa shida ni ile ile. Hospitali zimegawanywa kwa viungo, tafiti zimegawanywa kwa magonjwa, nawe unaingia mlangoni ukiwa na viungo vyote na magonjwa yote kwa mpigo. Na neno moja kabla hatujaenda mbali: usiache dawa wala usiongeze dozi kwa sababu ya maneno yangu. Nenda nayo kwa daktari wako.

Anza na karatasi

Karatasi moja. Si daftari, si bahasha ya vyeti vya miaka tisa. Daktari ana dakika chache, ukimkabidhi bahasha ataipima uzito mkononi, ataiweka pembeni, atakuuliza, "Leo tatizo ni nini?" Nimekaa upande ule wa meza, najua.

Juu kabisa weka tarehe. Karatasi isiyo na tarehe humdanganya anayeisoma, kwa sababu ataamini kwamba unachotumia leo ndicho kilichoandikwa. Kila dawa ikibadilika, andika upya na uichane ya zamani. Usikate kwa kalamu na kuandika pembeni. Baada ya mabadiliko matatu hata wewe hutajua kipi ni kipi.

Chini ya tarehe ziandike dawa, kabla ya magonjwa. Wengi huanza na historia: "Nilianza kuumwa mwaka fulani…" Historia ni tamu kusimulia, lakini kinachoweza kukuua mchana huu ni dawa mbili zisizopatana. Kwa kila dawa andika jina la dawa yenyewe, si jina la biashara tu. Dawa moja inaweza kuuzwa kwa majina matano, na nimewahi kumwona mama aliyekuwa akinywa dawa moja ya presha mara mbili, kutoka pakiti mbili zenye rangi tofauti, kila moja imeandikwa na daktari wake. Kisha andika nguvu yake kwa miligramu, wakati unaoinywa, inatibu nini, na nani aliianzisha, mwaka gani.

Hiyo safu ya "nani, lini, kwa nini" ndiyo yenye thamani kuliko zote, na ndiyo watu huiruka. Bila hiyo, dawa iliyoanzishwa kwa wiki mbili huishi miaka sita. Daktari wa kisukari hathubutu kuigusa akidhani ni ya daktari wa moyo, wa moyo anadhani ni ya wa figo. Manahodha wengi, chombo huenda mrama, na hapa kila nahodha anamwachia mwenzake usukani kwa heshima.

Kama kuna dawa unayotumia mara moja kwa wiki, andika jina la siku kwa herufi kubwa. Nasema hivi kwa sababu ya methotreksati, dawa ninayotumia kwa baridi yabisi. Ni ya mara moja kwa wiki, na watu wamekufa kwa kuinywa kila siku, kwa kosa tu la mwandiko au mazoea. Yangu imeandikwa: JUMATANO TU.

Na methotreksati hiyo hiyo ndiyo iliyonifundisha maana ya karatasi. Nilipata maambukizi ya njia ya mkojo nikiwa safarini, nikaingia zahanati ya kwanza niliyoiona. Kijana aliyenihudumia alikuwa mwema na mwepesi. Aliniuliza kama nina mzio, nikasema sina. Hakuuliza natumia nini, nami, muuguzi mzima, kwa homa na uchovu sikusema. Akanipa kotrimoksazoli, ile ambayo wengi wanaiita Septrin. Dawa hizo mbili zote hupingana na foliki, vitamini ambayo mwili huihitaji kutengeneza chembe za damu, tena kotrimoksazoli hufanya methotreksati ikawie kutoka kwenye figo, na figo zangu tayari ni za kubembeleza. Siku ya sita mdomo ulijaa vidonda nisiweze kumeza mate. Chembe nyeupe za damu zilikuwa zimeshuka kiasi kwamba nililazwa. Uboho, kiwanda cha damu ndani ya mifupa, ulikuwa umenyamaza. Nilipona, ila kwa siku kumi na moja za wodini nilikuwa na muda wa kutosha kufikiria kwamba mstari mmoja wa wino ungenitosha.

Baada ya dawa, andika zile zilizokukataa, na uandike zilifanya nini. "Mzio wa penisilini" peke yake hausaidii. Kutapika na kuharisha ni madhara ya dawa. Kuvimba midomo, kutokwa na mabaka mwili mzima ndani ya saa moja na kukosa pumzi ni mzio. Wapo watu wanaonyimwa kundi zima la dawa nzuri maisha yao yote kwa sababu walitapika mara moja utotoni na mtu akaandika neno lile.

Kisha magonjwa na mwaka yalipogunduliwa, mstari mmoja mmoja. Operesheni. Halafu namba chache za hivi karibuni na tarehe zake: presha, HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari) kama una kisukari, kreatinini (taka ya damu inayoonyesha kazi ya figo) na uchujaji wa figo. Weka na za mwaka uliopita kando yake. Figo ya 52 iliyokuwa 54 mwaka jana ni habari moja. Figo ya 52 iliyokuwa 75 ni habari nyingine kabisa, na namba ya leo peke yake haikwambii uko wapi kati ya hizo mbili.

Mstari wa mwisho andika unachokitaka. Wangu unasema: "Nataka nifunge vifungo vya nguo asubuhi bila kuomba msaada, na nataka kuchelewesha mashine ya figo kadiri iwezekanavyo." Madaktari hukaa kwenye mstari huo muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Mmoja aliusoma mara mbili, kisha akaacha kuniandikia dawa aliyokuwa ameshaanza kuiandika.

Mwaga dawa zote mezani

Mara moja au mbili kwa mwaka, kusanya kila kitu unachomeza, unachopaka, unachojidunga na unachonusa, ukitie kwenye mfuko mmoja, umwombe daktari au mfamasia akae nawe mpitie kimoja kimoja. Kila kitu. Dawa za miti shamba, vitamini, vidonge vya usingizi alivyokupa shemeji. Mficha uchi hazai, na mficha vidonge hatibiwi.

Wengi hutumia kipimo cha dawa tano kwenda juu kusema kwamba mtu anatumia dawa nyingi. Mimi nina tisa, na sioni aibu, kwa kuwa idadi yenyewe si kosa. Kosa ni dawa isiyo na mwenyewe. Kwa kila moja uliza: hii bado inafanya kazi gani? Kama ingekuwa lazima uache moja leo, ungeanza na ipi? Swali hilo la pili ni zuri sana. Humlazimisha daktari kupanga vipaumbele kwa sauti, na mara nyingi jibu humshangaza hata yeye.

Tafuta mnyororo. Mtu anapewa amlodipini kwa presha. Miguu inavimba, jambo ambalo dawa hiyo hulifanya kwa baadhi ya watu. Uvimbe unaonekana kama ugonjwa mpya, anapewa dawa ya kukojoza. Dawa ya kukojoza inapandisha asidi ya yuriki, kidole gumba cha mguu kinawaka moto, anapewa dawa ya jongo. Vidonge vitatu, chanzo kimoja. Kwa hiyo kila dalili mpya inapotokea, kabla ya kufikiri ugonjwa mpya, angalia karatasi: nini kilianzishwa au kupandishwa dozi wiki chache zilizopita?

Dawa za maumivu zinastahili aya yao. Ibuprofeni na diklofenaki hununuliwa kama peremende, na mtu hazihesabu kuwa dawa. Ukiwa tayari unatumia dawa ya presha ya kundi la enalaprili au losatani, pamoja na dawa ya kukojoza, kuongeza ibuprofeni juu yake kunaweza kuangusha figo ndani ya siku chache, hasa ukiwa umeharisha au umepungukiwa maji. Zikiwa mbili mbili, mwili huvumilia zaidi. Zikikutana tatu, figo inakosa njia ya kujilinda. Uliza daktari wako mapema utumie nini kwa maumivu, na siku ukitapika au kuharisha, zipi usimamishe kwa muda. Andika jibu nyuma ya karatasi.

Kwa upande mwingine, kuna dawa ambazo hutakiwi kuziacha ghafla hata kama unazichukia. Prednisoloni, steroidi ya kutuliza uvimbe mwilini, ni mojawapo. Ilinipandishia sukari, ikanivimbisha uso, ikaninyima usingizi. Siku moja nilitaka kuitupa chooni. Lakini ukiitumia kwa wiki kadhaa, tezi zinazotengeneza homoni ya namna hiyo mwilini hulala, na ukikata ghafla unaweza kuanguka kwa kushuka presha. Hupunguzwa polepole, kwa ratiba iliyoandikwa.

Namba zako, na siku zako

Presha ya kliniki, baada ya kupanda ngazi na kugombania foleni, ni presha ya foleni. Pima nyumbani. Kaa dakika tano kimya, mgongo umeegemea, miguu yote miwili chini bila kukunja nne, mkono wazi bila nguo juu yake na umewekwa usawa wa moyo. Usiongee. Pima mara mbili ukiacha dakika moja katikati, asubuhi na jioni, kwa wiki moja kabla ya kwenda kliniki. Hakikisha mkanda wa mashine unauenea mkono wako. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hutoa namba ya juu kuliko ukweli.

HbA1c huonyesha wastani wa sukari ya miezi miwili hadi mitatu kwa sababu inasoma sukari iliyoshikamana na chembe nyekundu za damu, ambazo huishi takriban siku 120. Sasa fikiria mtu mwenye selimundu, ambaye chembe zake hufa mapema, au aliyeongezewa damu mwezi uliopita. Namba yake itatoka nzuri bila sukari kuwa nzuri. Upungufu wa madini ya chuma huweza kuipandisha bure. Hivi ndivyo ugonjwa mmoja unavyochezea kipimo cha ugonjwa mwingine, na fomu ya maabara haina pa kuandika hilo. Wewe ndiye wa kulisema.

Kuhusu shajara ya dalili, nina ubishi na wenzangu wa zamani. Tuliwafundisha wagonjwa kuandika maumivu kwa namba, sifuri hadi kumi. Kwenye utafiti ni sawa, tunahitaji kitu cha kujumlisha. Kwenye maisha, "saba" yangu ya Jumanne haifanani na "saba" yangu ya Ijumaa. Andika ulichoshindwa kufanya. "Sikuweza kufungua kifuniko cha chupa." "Nililala kwa muda wa saa tatu mchana baada ya kuoga." Hasa kama una uchovu wa ajabu baada ya maambukizi kama UVIKO-19, andika ulifanya nini siku moja na mbili kabla ya kuanguka, kwa sababu kuna hali ambayo mwili hulipa gharama ya kazi kesho yake au keshokutwa, na mgonjwa asiyeandika hawezi kuuona uhusiano huo. Wala daktari.

Ukiwa chumbani

Sema jambo kubwa kwanza. Watu huanza na dogo kwa heshima, na wakishika kitasa cha mlango ndipo wanasema, "Halafu daktari, nimeanza kukojoa damu." Kabla ya kutoka, rudia kwa maneno yako ulichoelewa: "Kwa hiyo napunguza hii kuwa nusu, narudi wiki sita, na nikizidi kuvimba nisisubiri." Na kwa kila kipimo unachochukuliwa uliza nani atasoma majibu, na utajuaje. "Tukinyamaza ujue ni salama" si jibu la kulikubali. Ukimya unaweza kuwa karatasi iliyoanguka nyuma ya kabati.

Muulize pia mmoja wao, yule mnayeelewana, kama atakubali kuwa ndiye anayepokea barua za wengine wote. Si lazima awe bingwa.

Siku ukiitwa kwenye utafiti

Hapa ndipo nilipoishi, kwa hiyo mnivumilie.

Daktari wako anauliza: nini kinamfaa huyu? Mtafiti anauliza: nini kinawafaa watu wengi wa aina hii, na tuna uhakika gani? Mara nyingi ni mtu yule yule, koti lile lile jeupe, na hapo ndipo wagonjwa wanapochanganyikiwa. Wanafikiri wamechaguliwa kupata tiba bora. Hawajachaguliwa kupata tiba bora. Kama ingejulikana ni ipi, kusingekuwa na utafiti. Uliza bila woga: "Hapa unaongea nami kama daktari wangu au kama mtafiti?" Kwa miaka yote ile niliulizwa swali hilo mara mbili tu, na mara zote mbili nilinyooka kwenye kiti.

Mtu akikubali, kwa tafiti nyingi kompyuta humpangia kundi kwa bahati nasibu. Wengine wanaona ni dharau: maisha yangu yarushwe kama sarafu? Lakini haki yake ilionekana mapema. Katika utafiti wa streptomaisini kwa kifua kikuu uliotangazwa Uingereza mwaka 1948, dawa ilikuwa chache mno kuwatosha wote. Wagonjwa 55 walipangiwa dawa na mapumziko ya kitandani, 52 mapumziko peke yake. Ndani ya miezi sita walikufa 4 katika kundi la kwanza na 14 katika la pili. Kama madaktari wangechagua wenyewe, wangempa dawa yule waliyemwonea huruma au yule waliyeona ana nguvu, na tusingejua kama ni dawa iliyofanya kazi au ni uchaguzi.

Na si kila mara walio kwenye dawa ndio wenye bahati. Miaka ya 1980 ilionekana wazi kwamba baada ya mshtuko wa moyo, mapigo yanayorukaruka ni dalili mbaya, basi dawa ya kuyatuliza ingeokoa maisha. Utafiti wa Marekani uliojulikana kama CAST ukajaribu. Dawa zilituliza mapigo kweli, karatasi za moyo zikapendeza. Katika hesabu kamili iliyochapishwa mwaka 1991, kati ya watu 755 waliopewa enkainidi au flekainidi walikufa 63. Kati ya 743 waliopewa plasebo, kidonge kisicho na dawa ndani, walikufa 26. Ndiyo maana swali langu la kwanza kwa utafiti wowote ni hili: mnapima nini hasa, namba ya maabara au maisha ya mtu?

La pili: watu kama mimi wamo? Hapa rudi kwenye fomu yangu ya vigezo. Ule utafiti mkubwa wa presha wa mwaka 2015 uitwao SPRINT uliwashirikisha watu 9,361 na kuonyesha faida ya kushusha namba ya juu ya presha chini ya 120 badala ya 140. Wenye kisukari hawakuwemo. Waliowahi kupata kiharusi hawakuwemo. Haimaanishi kwamba matokeo ni batili. Inamaanisha daktari wangu akinitajia 120 kwa kutegemea SPRINT peke yake anakisia, na nina haki ya kujua kwamba anakisia. Kinyume chake ni RECOVERY, utafiti wa UVIKO-19 ulioanza Uingereza mwaka 2020. Mlango wake ulikuwa mpana: karibu kila aliyelazwa angeweza kuingia, wazee na wenye magonjwa mengine wakiwemo. Ndani ya miezi michache ulionyesha kwamba deksamethasoni, steroidi ya zamani na rahisi, ilipunguza vifo kwa theluthi moja hivi kwa waliokuwa kwenye mashine za kupumua. Kwa hiyo inawezekana. Tulipokuwa tukiwakataa watu wa magonjwa mengi, sababu nyingine ilikuwa ya kisayansi, nyingine ilikuwa uvivu. Nalisema kwa kuwa nilikuwepo.

Fomu ya ridhaa usiisaini siku hiyo hiyo kama jambo si la dharura. Nenda nayo nyumbani. Msomee mtu kwa sauti. Palipo na sentensi unayoshindwa kuisoma kwa sauti bila kukwama, weka alama na urudi nayo. Uliza ni dawa zangu zipi nitatakiwa kuziacha, na nani atanitazama katika majuma ya kusubiri zitoke mwilini. Dawa hii imewahi kutolewa kwa mtu mwenye figo kama zangu? Damu yangu itahifadhiwa kwa miaka mingapi, na itatumika kwa nini kingine? Nikidhurika, nani analipia matibabu? Usiku wa manane nampigia nani, na simu hiyo hupokelewa? (Ipigie kabla hujasaini. Nilikuwa na mgonjwa aliyefanya hivyo saa nane usiku, akaniamsha, akasema "Nilikuwa nahakikisha," akakata.) Utafiti ukiisha na dawa ikawa imenisaidia, nitaendelea kuipata? Azimio la Helsinki, ambalo Chama cha Madaktari Duniani kililipitisha mwaka 1964 na kulifanyia marekebisho mara kadhaa tangu hapo, linataka jambo hilo lipangwe kabla utafiti haujaanza, kwa hiyo hawawezi kusema hawajalifikiria.

Uliza pia kamati gani ya maadili imeidhinisha, na namba ya kibali. Usione unasumbua. Kamati hizo zimezaliwa na machozi. Huko Tuskegee, Marekani, kuanzia 1932 hadi 1972, wanaume weusi 399 wenye kaswende walifuatiliwa bila kuambiwa ukweli wa ugonjwa wao na bila kutibiwa, ijapokuwa penisilini ilikuwa tiba inayojulikana tangu miaka ya 1940. Mtafiti mwadilifu hukasirikia kisa hicho zaidi yako, na atakuonyesha kibali chake kabla hujamaliza swali. Utafiti wa dawa pia husajiliwa hadharani. Tafuta jina lake kwenye ClinicalTrials.gov au kwenye tovuti ya usajili ya Shirika la Afya Duniani, uone kama ulichoambiwa kinalingana na kilichoandikwa.

Kukataa hakutakiwi kukuharibia huduma yako ya kawaida. Kujitoa katikati vilevile. Ila ukijitoa usitoweke tu: baadhi ya dawa zinahitaji kushushwa polepole, na kipimo cha mwisho ni kwa usalama wako.

Ukiwa ndani, sema kweli kuhusu vidonge. Tulikuwa tukihesabu vilivyobaki kwenye chupa, na kila muuguzi wa utafiti anamjua mgonjwa ambaye chupa yake hurudi tupu kabisa wakati ilipaswa kubaki na vidonge vinne. Amemwaga vyote mlangoni ili atupendeze. Hatupendezwi. Ukweli kwamba umeruka dozi kwa sababu dawa inakutia kichefuchefu ni matokeo, pengine matokeo muhimu kuliko yote. Ukilazwa popote kwa sababu yoyote, hata ajali ya barabarani, wapigie. Kulazwa huripotiwa kama tukio zito hata kama dawa haihusiki, na aghalabu wanapewa saa 24 tu za kuripoti. Na kadi ya utafiti utakayopewa iambatanishe na ile karatasi yako, kwa ajili ya yule kijana mwema na mwepesi wa zahanati.

Mwaka jana niliitwa mimi. Utafiti wa watu wenye magonjwa matatu au zaidi. Binti aliyekuwa na fomu alipitia vigezo vya kuacha kwa kalamu, nami nilikuwa nikivisoma kichwa chini miguu juu kutoka upande wangu wa meza. Alipofika kwenye figo alisimama, akatazama karatasi yangu, akatazama fomu, akaweka tiki. Nilikwenda na fomu ya ridhaa nyumbani, nikarudi nayo baada ya siku nne ikiwa na alama saba za kalamu nyekundu, tukazimaliza moja moja.

Sijui nimo kundi gani. Nilipomuuliza alitabasamu akasema hata yeye hajui, mama. Nilimwamini. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikiwajibu, na sikuwa nikiwadanganya.